Mzee Kikao na Vikombe Vilivyopotea Ardhini

Nyinyi wakurugenzi watatu mlioketi mstari wa mbele, acheni kunong'onezana! Kiti cha Mzee Kikao bado kina joto na mmeshaanza kukigombania. Watu wazima, tai shingoni, hamna haya? Shikeni karatasi hii msome. Asiye na miwani asomewe na jirani yake.

Mzee Kikao, mratibu wa viwanda katika maabara yetu ya plastiki ya mimea, anastaafu leo, tarehe thelathini Juni, baada ya kutumika miaka ishirini na saba. Miaka yote hiyo chai yake nimeipika mimi, ndiyo maana nimekataa aandikwe na ofisi. Ofisi ilikuwa imemwita "mdau mahiri wa maendeleo." Hayo ni maneno ya kumfunika mtu, si ya kumweleza. Shule sikukaa sana, lakini macho ninayo.

Jina la Kikao alijitafutia mwenyewe. Akiona watu wawili wamesimama kwenye korido, anavuta kiti. Mkewe, shemeji yetu, anasema hata posa yake ilikuja na ajenda, na jina la bibi harusi likawekwa chini kabisa, kwenye "mengineyo."

Miaka kumi na moja iliyopita alitaka kutengeneza kikombe kinachotokana na mimea, kinachostahimili chai ya moto, na kinachooza kikitupwa. Maabara peke yake haikuweza. Wanga wa mihogo ulikuwa kwa Bwana Wanga. Makapi ya miwa yalirundikana kama milima kwenye kiwanda cha sukari cha Bwana Makapi. Mashine na kalibu za kutolea vikombe alikuwa nazo Bwana Vikombe. Kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenzake hana, na kila mmoja alikikalia kama kuku anayeatamia.

Mzee Kikao akawaita kila Alhamisi. Walikuja, ndiyo, lakini sampuli zao walizikumbatia kifuani utadhani watoto wachanga. Ndipo akaweka sheria moja: hakuna kupima kikombe chako mwenyewe, unapima cha mwenzako. Mwamba ngoma huvutia kwake, alisema. Kazi ya kumimina chai ikawa yangu, na chai yangu haijawahi kuwa ya vuguvugu.

Kikombe cha Bwana Wanga kilianza kulegea kabla hata sijaondoa birika. "Kikombe chako kina adabu, ndugu yangu," Bwana Makapi akamwambia, "kinapiga magoti mbele ya wageni." Kilipoletwa cha Bwana Makapi, chai iliingia juu ikatokea chini bila hata kuaga. Bwana Wanga alicheka mpaka akakohoa. Wakanuniana wiki tatu. Miaka miwili ikaenda hivyo, kejeli na kununa, na siri hakuna aliyeitoa.

Sasa lile la vijiti, maana najua mnalisubiri. Mzee Kikao alizika vikombe sitini nyuma ya jiko ili aone vitaoza kwa miezi mingapi. Kila kikombe akakichomekea kijiti chenye namba. Vijiti vizuri, vimenyooka, na maharage yangu yalikuwa yanatambaa chini kwa kukosa pa kushika. Nikavichukua. Hakuna aliyeniambia. Mtu akitaka kijiti chake kiheshimiwe, aseme!

Siku ya kufukua, wakurugenzi walifika na mpiga picha. Kijiti hakuna. Upande wa pili maharage yalikuwa yamesimama wima, yana namba moja hadi sitini kama wafungwa. Bwana Vikombe akauliza, "Sasa vimeoza au vimepotea?" Bwana Makapi alishatoa funguo za gari, na ilijulikana wazi kwamba akiondoka yeye, wengine wanamfuata na ushirikiano umekufa.

Mzee Kikao hakunigombeza. Alivua viatu, akakunja suruali, akaanza kulima. Kisha akawapa majembe, mawili kwa watu watatu, ili wapokezane. Na mtu aliyeshika jembe hawezi kukumbatia mfuko wa sampuli. Walipofika katikati ya uwanja, mashati yamelowa, Bwana Wanga akakiri kwamba wanga wake unakunywa maji kama ngamia. Bwana Makapi akasema makapi yake yana nguvu, ila yasiposagwa yakawa laini kama unga yanapasua kikombe. Bwana Vikombe akajibu kwa sauti ndogo kwamba mashine yake ina moto mno, inaviunguza vya wote wawili. Siri za miaka miwili zilitoka kwa asubuhi moja ya jasho.

Walipata vikombe arobaini na kimoja. Kumi na tisa havijaonekana hadi leo. Mimi nasema vilioza, maana sikuvila.

Kikombe tunachotengeneza sasa kilitoka kwenye shamba lile: wanga, makapi yaliyosagwa vizuri, na moto wa wastani. Hata mpiga soga akikishika hakilegei mpaka amalize hadithi. Kwenye mboji kinamaliza miezi minne, kimekwisha.

Lakini barua ya ushirikiano inakwisha leo, na nyinyi watatu, Wanga, Makapi na Vikombe, hamjatia sahihi ya kuendelea kwa sababu kila mmoja anataka uenyekiti anaouacha mzee. Wiki hii Mzee Kikao ameacha chai ikapoa mara tatu. Ana wasiwasi, mimi nimeona. Miaka sita amemfundisha mkemia wetu, yule tunayemwita Binti Mizani, na kila kipimo kimepita mikononi mwake. Mnasema bado mdogo. Ndevu hazichemshi wanga! Binti huyu hana kiwanda, kwa hiyo hana cha kuficha.

Mzee Kikao, ahsante kwa uvumilivu wako, hata kwangu. Nenda kapumzike. Mungu akupe magoti mazima, shibe, na wajukuu wanaosikia wakiambiwa.

Na nyinyi watatu, barua iko mezani, kalamu pembeni yake. Inukeni sasa hivi mkaitie sahihi, na palipoandikwa mwenyekiti jazeni jina la Binti Mizani. Mwiko ninao mimi, na chakula hakipakuliwi mpaka nione wino.