Wanaokaa Juu ya Uzio

Alhamisi, saa kumi na robo alasiri, nilivuka barabara kutoka ofisi ya ushirika wa maziwa, ninakofanya kazi, nikaketi kwenye benchi la Misia Berta, muuza kahawa. Meneja alikuwa amenizibia mlango tena kwa mkono wake, nisiweze kupita bila kumgusa. Benchi linatazama mlango huo. Wazee wenye benchi lao walikuwapo: Mkia, aliyekuwa akiangusha mafahali kwa mkia kila sikukuu, Profesa, ambaye hajawahi kufundisha, na Kakakuona, aliyeitwa hivyo kwa mgongo wake uliopinda. Kesho afisa wa kazi angekuja kunisikiliza, nami sikuwa na shahidi. Kuwaomba wao niliogopa. Nikazungusha maneno, nikawauliza: hili neno letu la Kihispania «acoso», kumwandama mtu hadi akose raha, lilitoka wapi?

— Kwa mbu, binti, akasema Kakakuona. Msikilize sikioni: koosss! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mbu na guu wapi na wapi? nikauliza.

— Kwani wewe mbu anakuuma kofia?

— Acheni ujinga, akasema Profesa. Lilikuwa jina la malkia. Alimtuma mumewe maji usiku na mchana, mto ukakauka.

— Mto upi? nikauliza.

— Utaujuaje? Si umekauka!

Nikasema chuoni tulifundishwa kwamba linatokana na mbio, kumkimbiza mnyama.

— Basi ni mchezo wangu! Mkia akainuka. Fahali unamwingiza kati ya safu mbili za uzio. Huku mbao, huku mbao, wewe na farasi nyuma. Hana pa kukata kona. Unakamata mkia, unazungusha, chali! Mgaagaa na upwa hali wali mkavu!

Wakacheka. Mama mmoja mgeni, aliyekuwa akisubiri basi na kapu lake la mihogo, akauliza:

— Na wale wanaokaa juu ya uzio wakitazama, wao wanaitwaje?

Profesa akajishughulisha na kikombe chake. Kakakuona akautazama mlango wa ushirika, kisha viatu vyake. Mkia akaketi polepole.

— Misia Berta, niongezee kahawa, akasema.

— Imekwisha, akajibu, wala hakuitikisa chupa.

Asubuhi benchi lilikuwa tupu. Kisha nikawaona wote watatu mlangoni mwa ushirika, kofia mikononi, Mkia amechomekea shati.

— Tangulia, mwanangu, akasema. Tuliona.

Nikaingia, nikauacha mlango wazi wapite.