Mlango wa Mnara

Job, punguza hicho kiyoyozi, mifupa yangu imechoka na baridi, kisha kaa hapa upande wa sikio linalosikia. Milka, mwanangu, wewe ni muuguzi, unayajua haya maji yaliyonijaa kifuani kuliko ninavyoyajua mimi, kwa hiyo usinidanganye kwamba Ijumaa ijayo tutakuwa tena pamoja katika chumba hiki cha Fereej Bin Mahmoud tukinywa chai ya karaki. Nina maneno ya kuwaachia na nitayasema mara moja. Mkinikatiza nitasahau, na nikisahau nitakwenda nayo.

Shamba la nyumbani Ugenya nimeshaligawa, na chifu anayo karatasi: sehemu ya juu ni ya Job, ya chini karibu na kisima ni ya Milka, na asije mjomba yeyote akawaambia kwamba binti hapewi ardhi. Ng'ombe wawili wa maziwa msiwauze, mpelekeeni shangazi yenu, amewalisha kuliko sisi sote. Hayo ni mepesi. Lililonilemea ni nyumba.

Miaka ishirini na miwili nimeendesha gari la familia moja hapa Doha. Mzee wao alinunua ngome ya kale huko Ufaransa, mashambani kabisa, katikati ya mizabibu, na kila kiangazi nilisafiri nao, niwe dereva wao na mshika funguo. Mimi mtoto wa nyumba ya udongo niliiona ngome ile nikapotea. Minara minne ya mviringo, kila mmoja na paa lililochongoka kama kofia. Kuta nene hivi kwamba nikipenyeza mkono wangu wote tunduni, vidole havifiki nje. Matundu yenyewe yalikuwa ya kurushia mishale, membamba kwa nje na mapana kwa ndani, ili aliye ndani aone na aliye nje asione. Na mlango wa zamani ulikuwa mmoja tu, mfupi na mwembamba, chini ya mnara, kisha ngazi za mawe zinazojizungusha kwenda juu, ili adui aingie peke yake, ameinama, shingo mbele. Mwashi mmoja mzee wa pale, niliyezungumza naye kwa mikono zaidi ya mdomo, alinionyesha yote hayo, nami nikayachora kwenye daftari usiku na mchana, kama mtu aliyerogwa.

Nikaja kujenga nyumba ya mfano wake kwetu Ugenya. Mnara mmoja, maana minne ingenishinda. Chini ghala lisilo na mlango wa nje, juu sebule na vyumba, na njia ya kuingia ni ile moja ya mnara. Mama yenu Damaris ndiye aliyesimamia mafundi, miaka minne, jua na mvua. Siku moja alisimama pale mlangoni akaniuliza, "Baba Job, hapa nitapitaje na mzigo kichwani?" Nikacheka, nikamwambia atazoea. Makochi yalikataa kupanda zile ngazi, tukamwachia jirani, na hata hapo sikushtuka. Nilijenga mlango wa kumzuia adui, na adui sikuwa naye. Walioingia mle ni mama yenu na kina mama wenzake wa kanisani, wakiinama.

Mnajua desturi yetu, kwamba mwenye boma hulala nyumbani mwake usiku wa mwisho kabla ya kuzikwa. Mama yenu alipofariki mimi nilikuwa Ufaransa. Mlileta jeneza, likafika mlangoni likakwama. Mkalilaza ubavu, mkalisimamisha, Mungu wangu, mkamsimamisha mama yenu, na bado halikuingia. Job, ukachukua nyundo, lakini kwa heshima ukanipigia simu kwanza, ukasema, "Baba, niruhusu nipanue mlango." Nikakwambia ukitoa jiwe moja mnara wote utawaangukia. Ukaweka nyundo chini. Damaris akalala uani chini ya turubai, mvua inanyesha, mbele ya nyumba aliyoisimamia mwenyewe.

Job, mnara haungeanguka.

Niinue kidogo, Milka. Hapo.

Haungeanguka, na nililijua hilo nikiwa nimeshika simu. Wiki hiyo hiyo mama mzazi wa mwajiri wangu alikuwa ameanza kutumia kiti cha magurudumu, na tulikuwa tunamfungulia mlango mpana katika ukuta wa ngome, ukuta uliostahimili vita karne na karne. Mimi mwenyewe nilishika magogo ya kuuegemeza. Mwashi alinionyesha hata madirisha makubwa ya upande wa bustani, akanieleza kwamba yalikatwa baadaye, amani ilipokuja, wenye ngome walipochoka kuishi gizani. Niliyaona yote hayo kwa macho yangu. Lakini watu walikuwa wakitoka hata Busia kuja kupiga picha na mnara wangu, nami nilitaka niukute mzima. Nikakudanganya. Nilifika siku mbili baada ya mazishi, na nilitazama ukuta kabla sijatazama kaburi.

Miaka sita sasa unalinda lango hapo Najma, basi moja tu kutoka hapa, na kila ukija unakaa karibu na mlango na kuondoka chai ikiwa moto. Sikulaumu. Ninachojua ni kwamba unajilaumu wewe, kwa sababu uliiweka ile nyundo chini. Hilo si lako, mwanangu. Ni langu, niachie mimi niende nalo.

Sasa fanyeni hivi. Mkifika nyumbani nami, kabla hamjanishusha garini... Milka, maji. Asante. Kabla hamjanishusha, bomoeni ule mlango. Egemezeni magogo kwanza, pande zote mbili. Fungueni upana wa watu wanne wakitembea sambamba. Na mimi msiniingize. Wazee watapiga kelele kwamba mwenye boma halali nje. Waambieni nimesema mimi. Mnilaze uani, pale alipolala yeye, na kukinyesha, turubai msitandaze.

Mungu awape nyumba ambazo mgeni haziinamii. Awape... awape watoto wa kuwaambia ukweli mapema kuliko mimi. Milka, mshike kaka yako. Usimwache akae kule mlangoni.

Job. Sogea, sauti inaisha. Usigonge chini, utaumia. Anza na mawe ya juu, uje ukishuka nayo... polepole... moja moja.