Mwaisha na Mizani ya Pumba

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Wenye mabinti, waiteni nao wakae. Leo tunamkumbuka Mwaisha Rehani wa Mlali, aliyefariki Ijumaa iliyopita akiwa na miaka ishirini na mitatu. Alikuwa mpiganaji. Hakufa ulingoni. Narudia, maana mitaani yanasemwa mengine: Mwaisha hakufa ulingoni.

Alilelewa na bibi yake mzaa mama, Bi Maimuna, aliyemwita "mke mwenzangu" tangu akiwa mchanga. Wawili hao walishusha ndizi kutoka shamba la mlimani, kila mmoja na mkungu wake kichwani, wakitaniana njia nzima nani atatua wa kwanza. Bibi alishinda mpaka Mwaisha alipofika miaka kumi na minne. Miguu ile ya mlimani ndiyo iliyompeleka kwenye mapigano.

Mchezo wenyewe ni ngumi, mateke na mieleka kwa pamoja, ndani ya uzio wa nyavu. Miaka sita iliyopita, hapa Morogoro wasichana walikuwa watatu tu. Walipangwa mwanzo kabisa, watu wakiwa bado wananunua karanga, ili wachekwe. Mwaisha alichekwa. Akarudi. Wakaja wengine kutoka mashamba ya miwa, wengine kutoka Mzinga na Mazimbu. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, pambano la mwisho, lile la mkanda, lilikuwa la wanawake. Jina la Mwaisha lilikuwa juu ya bango.

Bi Maimuna hakuupenda mchezo huo. "Mnafungiwa tunduni kama kuku," alisema, "na watu wanalipa kiingilio." Lakini siku moja alikwenda kutazama. Akamwona mjukuu wake, baada ya kushinda, amepiga magoti akimfuta mwenzake damu ya pua kwa taulo lake mwenyewe. Tangu siku hiyo bibi alipika chakula cha wawili: cha Mwaisha, na cha yule anayepigana naye.

Sasa nifike pale panaponitia kinyaa.

Pambano la mkanda lilikuwa la kilo hamsini na mbili. Si zaidi ya hapo. Mwandaaji, bwana mmoja aitwaye Halidi, mizani yake ilikuwa imeharibika. Hakununua nyingine. Akaazima ya jamaa yake, muuza pumba za kuku pale Mlali. Mwaisha alipoipanda ilisema hamsini na tano. Basi akaambiwa ajikaushe. Siku mbili hakunywa maji. Alikimbia juani amevaa koti la mvua, jasho limtoke. Alikuwa akitema mate kwenye kopo, kwa sababu hata mate yana uzito. Halidi alisimama kivulini na soda mkononi, akimhesabia mizunguko.

Asubuhi ya kupima uzito, mizani ikasema hamsini na tatu. Halidi akamwambia arudi juani, bado kilo moja.

Hapo ndipo Bi Maimuna alipofika na mabakuli yake mawili. Alipoiona mizani ile, yenye mguu uliopakwa rangi nyekundu, alisimama ghafla. Kila anayefuga kuku Mlali anaijua. Inaongeza kilo tatu, na kila mmoja hulalamika, na kila mmoja hurudi kununua, kwa kuwa duka ni hilo hilo. Alimwambia Halidi waziwazi. Halidi akacheka, akawageukia vijana wake: "Bibi wa kuku anatufundisha kazi."

Nao wakacheka.

Bibi akamshika Mwaisha mkono. Alimwambia mizani ile ni ya pumba, anywe maji.

"Najua unasema kweli, bibi," Mwaisha alijibu, midomo imepasuka. "Lakini nikinywa sasa, pambano limekufa. Watasema wanawake hawawezi. Mzunguko mmoja tu, mke mwenzangu."

Hakuumaliza. Alianguka karibu na lango la uwanja. Mtu wa kwanza kumfikia alikuwa Winfrida, msichana wa Kilosa aliyekuja kupigana naye. Winfrida naye alikuwa hajanywa tangu jana yake, na chupa yake ya maji alikuwa ameitunza kwa ajili ya baada ya kupimwa. Aliimimina yote juu ya kichwa na midomo ya Mwaisha. Vijana wa Halidi walikuwa wameshika simu, wanapiga picha.

Mwaisha alifariki hospitalini kabla ya alasiri.

Kesho yake tamasha la mapigano liliendelea. Waliomba dakika moja ya ukimya, haikutimia, muziki ukafunguliwa. Winfrida aliitwa akabidhiwe mkanda bila kupigana. Alikataa. Alikuwa ameyasikia maneno ya bibi kuhusu mizani. Alikwenda duka la vifaa vya ujenzi, akabeba mfuko wa saruji wa kilo hamsini, akauweka juu ya ile mizani mbele ya watu wote. Ikasema hamsini na tatu. Mwaisha asubuhi ile alikuwa na kilo hamsini tu. Alikuwa ameshafika. Alikuwa amepitiliza.

Winfrida alikuja msibani amejifunga kanga, akaketi mkekani pamoja na akina mama. Bi Maimuna aliinuka, akaenda jikoni, akamletea bakuli. "Hili ni lako," alimwambia. "Nilikupikia tangu siku ile." Alikaa pale pale mpaka binti akala.

Bi Maimuna, pole sana, mama yetu. Ulisema kweli, ukachekwa. Poleni ukoo wote wa Mlali. Pole nawe Winfrida. Mungu amlaze Mwaisha pema.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, mabinti wataendelea kupigana, na ni haki yao. Tafakarini tu jambo moja. Mizani ile haikuvunjwa. Imerudishwa dukani, na leo asubuhi ilikuwa inapima pumba. Mwezi ujao kuna pambano jingine, na bango limeshabandikwa. Ukienda kukata tiketi, kabla hujatoa mkono wako mfukoni, uliza mizani imetoka wapi.