Maharage ya Siku ya Mvua

Sogeeni, wanangu, na wewe kifungua mimba weka hiyo simu chini, maana mama yako hafi mara mbili. Pumzi niliyobakiwa nayo ni ya jambo moja, msinikatize kwa kilio.

Nyumba gawaneni kama alivyosema baba yenu. Mgahawa namwachia dada yenu wa katikati, kwa kuwa ndiye pekee asiyeona haya kunuka moshi. Mwanangu, jua unachopokea. Chakula cha kuuza katika mji mdogo hupikwa kwa kukisia: ukipika kidogo, mteja anahamia kwa jirani na harudi tena; ukipika kingi, mvua ikanyesha siku ya soko, unabaki unatazamana na sufuria. Mkaa unapanda bei, maji yanakatika vyombo vikiwa bado vichafu, na ukiharibu mlo mmoja mji mzima unajua kabla hujanawa mikono.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka ule fundi baiskeli alipofariki. Mlikuwa wadogo, mkaambiwa kwamba shangazi yenu, aliyekuwa akipika nami, aliwalisha watu chakula kibovu. Sikilizeni sasa. Siku ya soko ilinyesha kutwa nzima, maharage yakabaki nusu sufuria, nami roho ikaniuma kumwaga. Asubuhi nikayatia chini ya mapya, nikayafunika kwa vitunguu na nyanya. Shangazi yenu akainama, akanusa, akaniambia, "Wifi, haya yamechacha, tuyamwage." Nikamjibu, "Pua yako ina mafua. Pakua." Akapakua, kwa kuwa jiko lilikuwa langu.

Waliugua watu kumi na tisa. Fundi baiskeli, aliyekuwa akila kwetu kila siku na kuusifia mkono wangu, hakuamka. Bwana afya alipokuja kuuliza mpishi ni nani, nilimnyooshea yeye kidole, hiki hiki mnachokiona. Nikamfukuza shangazi yenu mlangoni, kwa sauti ya kusikika hadi sokoni. Wateja wakarudi. Viatu vyenu vya shule vilitoka humo. Mchuma janga hula na wa kwao, nanyi mmekula miaka ishirini na miwili bila kujua. Nikawakataza hata kunywa maji kwake. Alipojaribu kujitetea, watu walimcheka.

Na tangu nilipoanguka, nani ananiletea uji kila asubuhi? Si nyinyi, mna shughuli zenu, wala siwalaumu. Ni yeye. Anakaa hapo kwenye kigoda, anachota kijiko, anaonja mwenyewe kwanza huku akinitazama, ndipo ananipa. Nilidhani ananisuta. Juzi nikamwuliza, "Wifi, mbona unaonja?" Akajibu bila hasira, "Nimezoea. Bila hivyo hakuna anayepokea chakula mkononi mwangu." Nilitaka kumwomba radhi, nikaona haya, nikajifanya nimelala. Najichukia kwa hilo kuliko kwa maharage.

Basi shikeni agizo langu. Siku ya kunizika, kifungua mimba, simama useme haya yote, kwa sauti ile ile niliyomfukuzia. Aibu ni yangu, si yenu. Watu wakiususa mgahawa, wacha wasuse; uzeni masufuria, mtafute kazi nyingine. Chakula cha waombolezaji mwombeni shangazi yenu apike, na akikataa msimlazimishe, ana haki yake. Akikubali, nyinyi watatu tangulieni kupokea sahani, mle mbele za watu, kabla yeye hajagusa kijiko.

Niinueni kidogo... hivyo. Mungu awape riziki isiyowatia hofu. Awape watoto wa kuwaambia ukweli mapema... mapema kuliko mimi. Pendaneni. Msigombee vyombo.

Nani huyo mlangoni? Mpisheni... mpisheni apite. Karibu, wifi. Hapana, kijiko... lete huku. Leo usionje. Nimewaambia.