Mkalimani wa Misungwi

Kijitabu cha kuwatetea Wamormoni kiliwagombanisha Yeremia na Nestory, walioimba kwaya moja Misungwi tangu ujana. Nestory alijiunga na Wamormoni Nairobi, akarudi nacho. Mwaka tisini na saba foleni ya kivuko pale Kigongo iliwakutanisha, nami nilikuwa nyuma yao.

“Nabii wenu alisema anatafsiri maneno ya Abrahamu,” alisema Yeremia. “Wasomi wakazisoma zile karatasi za kale za Misri alizozitafsiri, wakakuta ni maandishi ya kuzikia maiti. Mwandishi wa kijitabu chako anabisha, na mashahidi wake wote ni wa kanisa lake!”

“Wewe nawe! Ulipokuwa mkalimani kanisani, mhubiri Mzungu alikuwa akisema maneno matatu, unatutafsiria Kisukuma robo saa. Watu walilia, bwana!”

Yeremia alicheka mpaka akafuta macho. “Walilia kweli. Lakini mimi nilijua naongeza.”

“Na mimi nilijua unaongeza. Nikaamini hivyo hivyo.”

Wangeishia hapo, lakini Yeremia akasema, “Basi mwandishi wako naye aandike kwamba nabii aliongeza.”

Kivuko kikafika. Walipanda kila mmoja upande wake. Ikapita miaka mitano bila salamu, harusi mbili ambazo hawakualikana, na mazishi ya mama yake Nestory, ambako kwaya iliimba bila besi ya Yeremia.