Matairi ya Barabara ya Kwenye Karatasi

Ndani ya basi, mgane alikuwa amepakata matairi mawili mapya ya baiskeli, membamba kama kidole gumba. Jirani yake wa kiti, fundi baiskeli mwenye kucha nyeusi kwa grisi, aliyatazama akasikitika.

"Mzee wangu, hayo ni ya lami. Baiskeli yenyewe ya zamani?"

"Ya zamani kuliko wewe."

"Na kwenu kuna lami?"

"Kwenye makaratasi ya wakubwa ipo tangu mwaka juzi. Walikuja wakakata utepe, wakapiga picha, wakaondoka na utepe wao."

Fundi akacheka peke yake. "Basi chukua manene, yenye meno. Uma wa gurudumu nitautanua kidogo, yatapita. Hayo yatapasuka kwenye shimo la kwanza."

"Shimo lenyewe nalijua," alisema mgane. "Tairi kama hili lilipasuka palepale, nimempakia mama watoto nampeleka zahanati. Tukamalizia kwa miguu. Yeye hakumaliza."

Fundi akashusha sauti. "Pole, baba. Ndiyo maana nasema manene."

"Nikifunga manene nitakuwa nimelikubali lile shimo. Watapita na magari yao waseme, mzee ameshazoea."

"Shimo halijui kama umelikubali, baba. Litakuangusha wewe, siyo wao."

Basi likasimama pale lami inapoishia, maana dereva naye hakuwa mjinga. "Mwisho hapa!" utingo akapiga kelele. Mgane akavaa matairi yake begani, akashuka kwenye vumbi la barabara iliyokwisha kuzinduliwa.