Kadi Iliyotangulia Msiba

Mheshimiwa Diwani, Mchungaji Ordish, Inspekta Gathercole uliyekubali kukaa pale mlangoni, ndugu wageni waalikwa, majirani zangu wa Nether Sallow, na wewe Bwana Rupert Cheverell, mwenyekiti wetu wa kijiji kwa miaka thelathini na mmoja tunayekuaga jioni hii:

Mimi, Enid Tapscott wa posta, nimeombwa nimsifu mwenyekiti. Nitamsifu. Nani hapa hajapata kadi yake ya Krismasi? Kila mwaka huandika zaidi ya mia mbili kwa mkono wake, na hajakosea jina hata siku moja. Mtoto akizaliwa, jina linaongezwa. Mtu akifa, linatolewa. Bibi Crabbe alilia mbele yangu mwaka alipoona jina lake likiwa peke yake juu ya bahasha.

Alhamisi iliyopita Hilda Garland alikunywa pombe ya jini aliyoitengeneza mumewe Wilf, kumbe imetiwa sumu ya kuulia fuko wa bustanini, akafa. Hata chai haijapoa, tulishamwita Wilf muuaji. Na mimi nilimwita, na ninaona aibu. Nani alijiuliza kwamba mlango wa jiko lao, kama milango yetu sote, haufungwi? Nani alikumbuka kwamba Hilda peke yake ndiye aliyekataa kuuza shamba lake la matufaha ili barabara ya nyumba mpya za mwenyekiti ipite?

Ijumaa asubuhi nilimpelekea Wilf barua zake, theluji ikiwa imenichelewesha. Alifungua kadi.

"Rupert muungwana jamani," akasema. "Ona alivyowahi kunikumbuka. Kila mwaka huandika Wilf na Hilda. Leo kaandika Wilf tu."

"Kunywa chai kwanza, kaka," nikamjibu.

Adhuhuri polisi walipomchukua, alinikabidhi kadi nimtunzie. Nyumbani nikaitazama bahasha. Muhuri ni wa posta yangu, nimeugonga mwenyewe: Jumanne. Jumanne hiyo Hilda alikuwa kwenye kaunta yangu, mzima kabisa, akinung'unika kwamba zabibu kavu zimepanda bei.

Nakusikia, Bwana Rupert. "Enid, hebu keti bwana, umezidisha mvinyo." Sijaonja hata tone, na siketi. Nani alikwambia Jumanne kwamba Hilda hayupo? Mtu makini kama wewe! Ulishamtoa kwenye orodha, ukasahau kwamba hujamuua bado.

Usihangaike na mlango wa nyuma, nao una askari. Kadi na bahasha anavyo Inspekta tangu mchana.

Kesho saa tano asubuhi tunamzika Hilda, na mumewe yuko rumande akiwaza kitanzi. Inspekta, nakuomba mbele ya watu wote, mlete Wilf amzike mkewe. Nanyi majirani, mkimwona kanisani msiangalie pembeni. Mfuateni mumwombe radhi. Nitatangulia mimi, maana mimi ndiye niliyetema mate mlangoni kwake wakimpakia garini, kadi yake ikiwa mkononi mwangu.

Nimemaliza, na asanteni kwa kunisikiliza mpaka hapa.